Tepe za Buluu za Rukaruka

Makongeni, Thika
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Dada Nzisa,

Asubuhi ya leo ilikuwa ya ukungu na manyunyu, na jua halikutoka hadi saa tano. Natumaini nyote mko salama huko Mwiki.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kila asubuhi tunaacha simu zetu kwenye kikapu ofisini. Wiki iliyopita meneja wetu, Bwana Muli, alimsomea Safaa wa kaunta ya tiketi ujumbe ambao Safaa alimwandikia mumewe akiwa nyumbani. Alimsomea mbele yetu sote, kisha akamwambia achukue mkoba wake aende. Hatujui aliupataje. Tangu siku hiyo simu yangu ni ya salamu tu. Barua hii anaileta Ronny wa gari la mikate, na jibu umpe yeye.

Habari njema ni kwamba nimepandishwa. Sasa mimi ndiye msimamizi wa foleni ya gurudumu kubwa hapa Rukaruka, kwa majaribio hadi likizo za shule ziishe. Nikifaulu, napata kazi ya kudumu. Nimekuwa kibarua muda mrefu, kwa hiyo unajua maana yake kwangu.

Hujawahi kufika kwenye bustani yetu ya michezo, basi nikueleze. Gurudumu lina laini mbili. Moja ni ya kila mtu aliyelipa getini. Ya pili ni ya waliolipa zaidi ili wasisubiri, nao hufungwa utepe wa buluu mkononi kwa klipu ya plastiki. Mwenye bustani, Madam Wakonyo, huuza tepe chache tu kwa siku. Wakiingia wawili wa kawaida, anaingia mmoja wa utepe. Ikifuatwa hivyo, hakuna anayeumia sana.

Haifuatwi. Tangu likizo zianze, mikono ya buluu ni mingi kupita kiasi, na laini yao ikirefuka Bwana Muli ananiambia kwa redio, "Pitisha buluu kwanza, hao wamelipa zaidi." Jumamosi mama mmoja wa Juja aliacha kiatu kwenye foleni kimshikie nafasi, akaenda kuwatafutia watoto chai. Aliporudi, kiatu kilikuwa palepale. Akaniuliza, "Madam, hiki kiatu mmekizika?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Madam Wakonyo ameona kwamba waliopita na utepe ni wengi kuliko waliouziwa. Bwana Muli ametuambia mwizi yumo ndani ya kikosi cha foleni, na asipojulikana kabla ya shule kufunguliwa tutaondoka sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa nikuulize. Siku hizi unashona nini? Ni sare za shule peke yake? Umepata kazi yoyote ya utepe? Nijibu swali moja moja.

Mdogo wako,
Mbinya


Mwiki, Ruiru
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Karani wangu Mbinya,

Hongera kwa cheo. Lakini barua yako nimeisoma nikasimama wima kama niko mbele ya chifu. "Nijibu swali moja moja"! Hata salamu za shemeji yako hukuuliza. Mzima, anakohoa tu kwa hii baridi.

Hayo mambo ya laini mbili sijayapenda. Unakumbuka bomba la maji kwetu Kilimambogo? Mtungi ulipanga foleni na mwenyewe akaenda kuchimba viazi, na akirudi anaukuta umesogezwa mbele na mtu asiyemjua. Siku mke wa chifu alipopitisha mitungi yake mbele, mama yetu Mwaitu aliikalia. Aliikalia kabisa, akafungua kitambaa akaanza kushona. Akasema, "Leo tutachota sote au tutashona sote." Sasa wewe unalipwa kuwapitisha wake za machifu. Mtoto wa kibarua wa shamba anatoka Gatundu na pesa zake za kuweka tangu Pasaka, halafu anaambiwa ngoja huyu wa buluu apite. Mtoto atajifunza nini hapo? Kwamba hata mahali pa kuchezea kuna mlango wa wakubwa?

Utasema ni biashara. Sawa, ni biashara. Usiniambie tu kwamba hakuna anayeumia sana.

Kuhusu kushona: nashona ninacholetewa. Sare, mapazia ya kanisa, na kazi moja nzuri ambayo sitaitaja, na wewe unajua vizuri kwa nini. Tuyaache hapo. Nimeshukuru lakini, hata kama siruhusiwi kusema asante.

Kula vizuri. Ronny anasema umekonda.

Dadako,
Nzisa


Makongeni, Thika
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Dada Nzisa,

Baridi kavu asubuhi, bila mvua. Nimesoma barua yako mara nyingi na bado sijui ninachotakiwa kujua "vizuri". Kwa hiyo nitasema wazi kilichonifanya nikuulize.

Tarehe tisa, kabla sijakuandikia mara ya kwanza, niliokota utepe wa buluu chini ya jukwaa la gurudumu. Haukuwa na klipu. Klipu zinafungiwa na Madam mwenyewe na anazitoa kwa idadi, lakini huu ulikuwa umeshonewa kifungo kidogo cha kubana. Sisi kwenye laini tunaangalia rangi tu kwa sababu watu ni wengi, ndiyo maana unapita. Niliugeuza. Kona imekunjwa mara mbili na fundo la uzi limefichwa ndani ya mkunjo, upande wa kushoto.

Nzisa, nani mwingine anashona hivyo? Mwaitu alikuwa akitufumulia kazi nzima fundo likionekana. Alisema fundo linaloonekana ni kama mtu aliyetoka nje bila kujifunga lesso. Mafundi wa mjini hawana muda huo, wanakata uzi na kuuacha. Mkono ule ni wangu au ni wako, na mimi sijashika sindano tangu nimalize shule.

Jumamosi iliyopita niliona tepe nyingine saba za namna hiyo, kwenye mikono ya watu waliovaa vizuri wanaonipita bila kunitazama. Niliwaacha wapite. Ningewazuia, ningeulizwa nimejuaje.

Nakuuliza sasa kama mdogo wako, si kama karani. Nani anakuletea kazi hiyo? Ulijua ni ya Rukaruka? Kama ulijua, ulikaa siku ngapi ukifunga tepe za kunifukuzisha kazi huku ukiniandikia kuhusu mtungi wa Mwaitu?

Nijibu upesi. Madam huketi kwenye meza ya malalamiko karibu na geti kila Jumapili baada ya saa nane, na wateja wanajipanga kumweleza shida zao. Jumapili iliyopita foleni hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya gurudumu. Hatavumilia sana.

Mbinya


Mwiki, Ruiru
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mbinya,

Umeniita mwizi kwa mwandiko mzuri sana. Mwalimu wako wa Kiswahili angefurahi.

Ndiyo, mkono ni wangu. Ndiyo, nilijua ni za Rukaruka. Ningekosaje kujua, na mtu aliyezileta alikuja na gari lenye jina la Rukaruka ubavuni, tena mchana, akaegesha mbele ya duka langu hadi majirani wakadhani nimepata mzungu? Alikuwa mrefu, mwenye upara, na redio kiunoni inayoongea peke yake. Alisema jina lake ni Muli. Bosi wako.

Alinieleza kwamba klipu za plastiki zinawakwaruza watoto wadogo, kwa hiyo wanataka tepe za kifungo. Aliniletea roli nzima ya utepe na vifungo. Halafu akainama hivi, akasema kwa sauti ya chini, "Ni dadako aliyekupendekeza. Lakini usimtaje wala usimshukuru, hata kwa simu. Ikijulikana tumempa kazi ndugu wa mfanyakazi, yeye ndiye ataumia."

Nikanyamaza. Miezi miwili nimenyamaza! Nilikuwa nakaa kwenye cherehani usiku nikijiambia, angalau huyu mtoto amekumbuka kwamba ana dada. Barua yako ya kwanza ilipoingia na maswali yale, nikadhani unanipima kama ninaweza kufunga mdomo. Nikaufunga. Nikajiona mwerevu.

Sasa nakuuliza na mimi. Hukunipendekeza? Hata mara moja? Basi huyo mtu alilijuaje duka langu?

Roli bado iko hapa, zaidi ya nusu. Anakuja Jumatatu kuchukua nyingine.

Nzisa


Makongeni, Thika
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Dada,

Mawingu tangu alfajiri. Nakuandikia kabla ya kuingia kazini ili Ronny aiwahi.

Sikukupendekeza. Naandika hivyo nikiona aibu, lakini ndiyo kweli. Nimejaribu kukumbuka kwa utaratibu. Mwezi wa sita, Bwana Muli aliniita ofisini kuhusu cheo. Aliniuliza maswali machache ya kazi, na mengi ya nyumbani. Baba yuko? Ndugu wangapi? Wanafanya nini? Nikamwambia nina dada mshonaji pale Mwiki, karibu na kanisa. Akasema, "Safi sana." Nilitoka nikifikiri ni mtu anayejali watu.

Unaona alivyopanga? Anauza nafasi za foleni kwa mlango wa nyuma. Siku Madam atakapougundua utepe ulioshonwa, utafuatwa hadi kwako, na kutoka kwako ni hatua moja hadi kwangu. Msimamizi wa foleni na dada yake fundi. Nani atamtafuta meneja? Nilipandishwa ili niwe mahali pa kuangukia.

Kwa hiyo fanya ninavyokwambia. Choma roli yote leo. Choma na vifungo. Muli akija Jumatatu, mwambie umeacha kazi hiyo, macho yanakuuma. Usije Thika. Mtu yeyote akikuuliza, hujawahi kushona utepe na huna ndugu Rukaruka. Nami nitafanya vivyo hivyo upande wangu. Bila utepe na bila fundi, hana la kuonyesha.

Choma na barua hii.

Mbinya


Mwiki, Ruiru
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mbinya,

Sichomi kitu.

Nimekaa siku mbili na barua yako. Nikichoma roli, aliyebaki na ushahidi ni nani? Ni yeye, na tepe zangu nilizokwisha kumshonea. Mimi nitabaki na majivu. Nawe unataka niseme sina ndugu. Nimejiuliza, kwa nini mdogo wangu ana haraka hivi ya kufuta mkono wangu? Anamwogopa Muli, au wanajuana? Nisamehe, lakini wewe ndiye uliyenifundisha wiki hii kumchunguza mtu wa tumbo moja.

Shemeji yako anasema nipumzike. Nimempikia, amenyamaza.

Kesho utaniona. Usinipungie mkono.

Nzisa


Makongeni, Thika
Jumatano, 27 Agosti 2025

Dada Nzisa,

Leo jua limewaka mapema kwa mara ya kwanza mwezi huu. Kila mtu amefurahi isipokuwa mimi.

Nakuandikia mambo ambayo uliyaona mwenyewe, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mbele ya meza na mimi nilikuwa nyuma ya Madam. Hatukuona kitu kimoja. Pia kuna jambo lililotangulia ambalo hukulijua ulipofika, na ni lazima ulisikie kutoka kwangu.

Ijumaa, siku moja baada ya kukuandikia uchome, Bwana Muli alimpelekea Madam utepe mmoja wa kushonwa. Alisema ameunasa mkononi mwa mteja. Wakaniita. Madam aliniuliza swali moja, polepole: "Mbinya, unamfahamu fundi anayeshona hivi?" Muli alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikasema, "Hapana, Madam. Simfahamu." Sikusita hata kidogo. Nilifikiri nakulinda. Sasa sina hakika nilimlinda nani.

Jumapili nilikuona ukiwa bado mbali, na gauni lako la kanisani la maua ya zambarau na mfuko wa sandarusi kwapani. Ulijipanga kwenye foleni ya malalamiko, nyuma ya yule baba mwenye mapacha. Akello wa geti alikutambua kwa sura inayofanana na yangu, akaja kukuambia upitie ofisini kwa sababu wewe ni jamaa ya mfanyakazi. Aliniambia baadaye ulivyomjibu: "Asante, mwanangu. Nikipitia ofisini watasema tumepanga. Acha nipange foleni, nisikike na kila mtu."

Lakini wakati ule sikujua umesema hivyo. Nitakuambia nilichowaza, kwa sababu nimechoka kuficha. Niliwaza, amekuja kunitoa kafara mimi ili atoke yeye. Niliwaza hivyo muda wote foleni ilipokuwa inasogea. Gurudumu lilizunguka tupu mara mbili kwa sababu nilisahau kupakia watu, na wateja wakaanza kunipigia mluzi. Mwishowe nilimwachia mwenzangu redio, nikaja nikasimama nyuma ya Madam; Muli alikuwa kando ya meza.

Ulipofika mezani uliweka roli juu ya karatasi zake. Ulisema, "Mimi ndiye fundi. Jina langu ni Nzisa, nina duka Mwiki. Utepe huu aliniletea huyu hapa, kwa gari lenu." Ukamnyooshea Muli kidole chenye kofia ya chuma ya kushonea. Ulisahau kuivua, au uliivaa makusudi?

Wewe uliona mgongo wa Muli akigeuka kwangu. Mimi niliuona uso wake, na alikuwa anatabasamu. Akasema, "Madam, Ijumaa huyu Mbinya alituambia hamfahamu fundi. Muulize huyu mama wanaitanaje." Madam akakuuliza. Ukasema, "Ni mdogo wangu. Tumenyonya titi moja." Watu wa foleni wakaguna. Hapo nilijua tumekwisha. Ukweli wako wote uligeuka kuwa njama kwa sababu ya neno langu moja.

Uliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile. Nilitaka useme ulichokuwa nacho moyoni. Badala yake ulimgeukia Madam ukasema, "Alikana kwa sababu mimi nilimkataza kunitaja. Ni mdogo, ananitii. Kosa hilo liandike kwangu."

Nzisa, hukunikataza. Mimi ndiye niliyekuandikia ukane. Ulikuja umeibeba kweli kwa mikono miwili, ukaiongezea uongo mmoja, na uongo huo ulikuwa wangu.

Madam aliichukua roli akaikagua hadi mwisho, akakuta muhuri wa stoo yetu kwenye kibao cha ndani. Akasema, "Stoo ina funguo mbili. Mmoja ninao hapa." Muli akasema anakwenda ofisini kuleta kitabu cha stoo ili tuhakikishe. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida kabisa. Hajarudi hadi leo, na gari la Rukaruka limepatikana limeegeshwa Witeithie.

Madam akasema kwa sauti, ili wateja wasikie, kwamba kuuza nafasi ni biashara, lakini kuiuza mara mbili ni wizi. Na wewe, badala ya kushukuru ukaondoka, ukamuuliza, "Na ile mara ya kwanza, Madam, uliinunua nafasi hiyo kwa nani? Si ilikuwa ya huyu baba na mapacha wake?" Foleni nzima ilipiga makofi. Hukumwona Madam alivyofumba macho. Nilidhani atakufukuza. Alisema tu, "Anayefuata."

Ukaondoka bila kunitazama tena.

Haya ndiyo usiyoyajua. Madam ameweka kibao mwanzoni mwa laini kinachoonyesha tepe ngapi zimeuzwa siku hiyo, na watu wanakisoma kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Laini ya buluu bado ipo. Safaa ameitwa arudi kaunta. Mimi nimepewa kazi ya kudumu, lakini si kwenye foleni. Nalinda viatu vya watoto kwenye jumba la kurukia. Madam aliniambia, "Dadako amekusemea, na nimemwamini kwa mengine yote. Kwa hilo moja sikumwamini." Kwa hiyo alijua. Kila mtu aliyekuwa pale alijua, nadhani, ila tu hakuna aliyesema. Kuhusu wewe, amesema hatakushtaki, wala hatakupa kazi.

Jana Ronny alifika bila barua. Nikamuuliza kama hukusema neno lolote. Akasema uliuliza kama ninakula. Nikamuuliza uliuliza kwa sauti gani. Akanicheka: "Mbinya, mimi nabeba mikate. Sauti sibebi."

Nimeligeuza swali hilo kila upande. Mwaitu alituuliza hivyo tukinuna, ili tujue yamekwisha. Lakini pia aliwauliza hivyo wageni ambao hakutaka wakae. Sijui mimi uliniuliza kama nani.

Jumapili nina mapumziko. Nitakuja Mwiki. Ukinielekeza jikoni, nitajua. Ukinipa kile kiti cha wateja karibu na mlango na kuniletea chai kwa sinia, nitajua pia, nami nitainywa.

Sijala vizuri. Jana nilizima taa saa nne, na usingizi ulinipata saa nane na robo.

Mbinya